Mguu wa kulia ndio uliomwaga viazi

Niseme mapema kabisa, gari yenyewe sijawahi hata kuigusa kwa mkono. Toyota AE86, ile Sprinter Trueno yenye taa za kuchomoka kwenye boneti, mi nimeiendesha kwenye kompyuta tu, nyumbani Nkuhungu hapa Dodoma, kwenye meza ile ile ambayo mke wangu anapigia pasi yunifomu za shule, na kama kuna mtu anataka kucheka acheke sa hivi amalize tuendelee. Ila nimeiendesha miezi kumi na nne, karibu kila usiku mtoto akishalala, na imenifundisha kitu kuhusu mguu wangu mwenyewe ambacho miaka tisa ya leseni haikunifundisha.

Mwanzo wa yote ni viazi.

Ilikuwa Desemba, mvua za kwanza, tunatoka Iringa kurudi Dodoma. Nina Mark II GX100 ya auto, silinda sita, gari ambayo kwenye barabara ndefu inakupa raha mpaka unajisahau. Mbele mimi na mke wangu, nyuma mama mkwe na binti yangu Neema, buti ina magunia mawili ya viazi mviringo na gunia la tatu likakataa kuingia, ikabidi likae siti ya nyuma katikati ya mama na Neema kama abiria aliyelipa nauli. Tukaanza kushuka mlima wa Nyang'oro. Anayeijua ile njia anaijua, ni kona juu ya kona mpaka ulitokee bonde la Mtera, na siku hiyo mvua ilikuwa imenyesha kama robo saa hivi, ile mvua ya kwanza ambayo haioshi barabara, inaloanisha tu vumbi na oili ya miezi saba, lami inakuwa kama sahani ya jana ambayo haijapitiwa na sabuni.

Kona ya kulia, inashuka. Nimeingia na themanini, labda themanini na tano. Katikati ya kona naona lori linapanda, wala halijaingia upande wangu, liko zake kwake, ila mi nikashtuka tu. Nikatoa mguu kwenye mafuta kama mtu aliyekanyaga kaa la moto. Hapo hapo nyuma ya gari ikaondoka. Hakukuwa na kelele yoyote kubwa, nakumbuka mlima ulipita kwenye kioo cha mbele kutoka kulia kwenda kushoto, taratibu, kama mtu anavuta pazia, alafu puu, tumekaa mtaroni tunaangalia tulikotoka. Lori lilishapita, sijui sekunde mbili kabla.

Hakuna aliyeumia, namshukuru Mungu mpaka leo. Viazi vilikuwa gari nzima, kimoja kimetulia juu ya dashibodi kama kimewekwa. Mama mkwe alikuwa amemkumbatia Neema, kilemba kimekaa upande, viazi mapajani, akaangalia nje, akaangalia barabara, akauliza kwa upole wake wote:

"Baba Neema, tunarudi Iringa?"

Nikamjibu, "Kulikuwa na oili, mama. Kuna mtu kamwaga oili barabarani."

Na hiyo oili ndo niliyoisema kwa kila mtu baadae, kwa vijana wa fuso waliotusukuma kutoka mtaroni, kwa fundi, kwa majirani, kwa shemeji zangu. Nilivyoisema mara nyingi nikaanza kuiona kabisa kichwani, nyeusi, imetandazwa kama mkeka. Mama mkwe hakubisha. Mkwe ni mkwe, hawezi akaanza kubishana na wewe mambo ya usukani.

Sasa nije kwenye usukani wenyewe. Nina kibanda cha kutengeneza kompyuta na printa, na mwaka uliofuata akaja kijana wa UDOM anamaliza chuo, anauza vitu vyake kabla hajarudi kwao Mwanza. Kati ya vitu hivyo kulikuwa na usukani wa gemu, ule unaozunguka nyuzi 900 kama wa gari kweli, una mota ndani zinazokurudishia nguvu mkononi, pedali tatu na gia ya mkono. Alitaka laki sita, tukamalizana laki nne na nusu. (Mke wangu akisoma hapa, bei ilikuwa laki mbili.)

Gemu akanielekeza ninunue Assetto Corsa, ya Waitaliano wanaitwa Kunos Simulazioni, imetoka 2014. Ni ya zamani kidogo na ndo uzuri wake, kompyuta yangu ya kuungaunga inaibeba bila feni kulia. Na wala si gemu ya kugonga watu ukaokota hela, hakuna hadithi, hakuna kuboresha nyumba yako, ni tairi, springi, uzito na barabara basi, mpaka vibonde vya lami kwenye viwanja vyake vingi vya resi walivipima kwa leza wakaviweka jinsi vilivyo.

Mi kama wabongo wote nikakimbilia wakubwa, Supra, GT-R. Wiki nzima nagonga ukuta. Kila kitu kinatokea haraka, unajua umekosea ila hujui umekosea nini, ni kama kujifunza kuogelea kwa kurushwa kwenye bwawa la Mtera. Nikampigia yule kijana, akacheka, akasema "kaka, anza na 86, hiyo itakuambia".

Kwa asiyeijua, hiyo 86 Wajapani wanaiita hachi-roku, yani nane-sita, na ilitengenezwa kuanzia 1983 mpaka 1987. Na ni Corolla. Sikutanii, ni Corolla, ndugu wa damu na zile zilizojaa stendi zote za nchi hii. Kipindi hicho Corolla za kawaida zilikuwa zinahamia kuvuta kwa tairi za mbele, ila hizi kupe mbili (coupe, gari za milango miwili), Levin na Trueno, Toyota wakaziacha ziendelee kusukuma kwa nyuma. Injini ni 4A-GE, cc 1587, valvu 16, kwenye karatasi za Japani wameiandikia nguvu farasi 130, na uzito kama kilo 940 hivi, haifiki hata tani. Yani nguvu haijaizidi sana IST ya dada yako. Lakini Keiichi Tsuchiya, yule wanayemwita mfalme wa drifti, yani kuserereka kona kwa makusudi, alijijengea jina na gari hii hii, na 2012 Toyota walipotoa kupe mpya wakaipa jina GT86 kwa heshima ya hii 86. Sikuelewa kwa nini watu wanaiheshimu gari ya farasi 130 mpaka nilipoikalia.

Usiku wa kwanza ulikuwa wa kiti. Kiti changu ni kile cha ofisi cha magurudumu, kona ya kwanza nakanyaga breki kwa nguvu, mimi mwenyewe narudi nyuma nusu mita, mguu unaachia pedali, gari inapitiliza mchangani na mimi nipo karibu na mlango wa jikoni. Ikabidi nichukue mpira wa kufungia mizigo wa bodaboda nifunge miguu ya kiti na mguu wa meza. Upo mpaka leo. Gia nayo nikaifunga kushoto, maana 86 ya Japani ina usukani kulia kama gari zetu, na hiyo kwetu ni raha, wenzetu wa Ulaya wanahangaika kubadili mkono.

Kiwanja nilichokaa nacho ni Tsukuba. Kipo mkoa wa Ibaraki Japani, hakimo kwenye gemu yenyewe, watu wamekitengeneza pembeni unakishusha kwa bando lako ukiwa na moyo. Ni kidogo, kilomita mbili na kidogo tu, unamaliza mzunguko kabla uji haujachemka. Mwisho wake kuna kona moja ndefu ya kulia, unaingia kutoka kwenye mnyooko wa nyuma, gia ya tatu, mia na kitu, na kona haiishi, inaendelea tu kulia, kulia, kulia.

Hiyo kona ilinigeuza, sikudanganyi, mara thelathini usiku mmoja. Naingia vizuri, katikati naona naenda pembeni sana, naogopa, natoa mguu, na nyuma inaondoka. Dunia inapita kwenye kioo kutoka kulia kwenda kushoto. Nilivyoiona mara ya tano au ya sita nikasimama kabisa. Nikaacha usukani. Lile pazia. Lilikuwa ni lile lile pazia la Nyang'oro.

Gemu ina sehemu ya kurudia ulichofanya, na pembeni kuna vijiti vitatu vinavyoonyesha pedali zako, cha kijani mafuta, chekundu breki, cha bluu klachi. Nikairudisha ile kona taratibu. Kijiti cha kijani kimejaa mpaka juu, alafu bila hata kupungua kwanza hakipo. Si kwamba kilishuka. Kilizimika, kama mtu amezima taa ya chumbani. Na kama nusu sekunde baada ya hapo ndo nyuma inaanza kutoka. Nikarudisha tena, na tena, nikawa natafuta oili. Tsukuba hakuna oili.

Nilikaa pale labda dakika kumi. Mke wangu akaniuliza kutoka chumbani mbona kimya leo hakuna kelele za tairi, nikamwambia umeme unasumbua.

Kinachotokea ni hiki, na mtu yeyote aliyeendesha lori atasema mbona hiyo tunaijua. Gari ikiwa kwenye kona uzito umeegemea tairi nne kwa mgao fulani. Ukitoa mafuta ghafla injini inazuia, uzito unakimbilia mbele, nyuma inakuwa nyepesi, na tairi nyepesi haishiki lami. Mbele imeshika kuliko ilivyokuwa, nyuma imeachia, basi gari inazunguka kufuata pua yake. Haihitaji oili. Haihitaji hata mvua, mvua inapunguza tu ile bei unayolipa ili ikutokee. Na kama nyuma umejaza magunia mawili buti na moja siti, ikianza kwenda haikamatiki, inakwenda kama panga la mtu mwenye hasira.

Alafu kulikuwa na suala la tairi. Wiki mbili kabla ya safari ile nilinunua tairi mbili mpya, nikazifunga mbele, za zamani zilizobaki kama kisigino nikaziacha nyuma, kwa akili kwamba mbele ndo kuna usukani na mbele ndo kwa muhimu. Siku nimeanza kuelewa haya mambo nikafanya mchezo mdogo kwenye gemu, nikapandisha upepo wa tairi za nyuma kupita kiasi, zikapoteza mshiko, nikaingia ile kona. Sikumaliza hata robo yake. Kesho yake asubuhi na mapema nilikuwa kwa mtu wa pancha, nzuri nyuma, zilizochoka mbele, na baada ya mwezi nikanunua mbili nyingine. Mtu wa pancha alinibishia sana. Anabishia mpaka leo.

Sasa kujua ni jambo moja, mguu ni jambo jingine. Mi nilijua kabisa nisitoe mguu ghafla, naingia kona najisemea kabisa kwa sauti usitoe mguu usitoe mguu, na mguu unatoka. Hauniulizi. Mguu una woga wake wenyewe. Kama wiki tatu nzima nilikuwa nabishana na mguu wangu kama mtu anabishana na punda. Kilichonisaidia ni Neema alivyokuwa mdogo. Mtoto amelala begani, unataka kumshusha kitandani, unajua jinsi unavyoshuka, goti, kiwiko, mgongo wake, kichwa mwisho kabisa, ukiharakisha sentimita moja anafungua macho. Tairi za nyuma za 86 ni yule mtoto. Unashusha mafuta namna hiyo. Unapandisha namna hiyo. Breki nayo, unaikanyaga ukiwa umenyooka, kwa nguvu kabisa, alafu unavyoanza kukata kona unaiachia kidogo kidogo, uzito unabaki mbele kiasi cha kuipa pua mshiko wa kugeuka. Ukiiachia yote kabla hujageuka pua inakataa, gari inakwenda moja kwa moja inakuangalia tu.

Na mikono ina kazi yake lakini si ile niliyodhani. Mota za usukani zinavuta kurudi katikati tairi zikiwa zimeshika, na ukizidisha spidi pua ikianza kuteleza usukani unakuwa mwepesi ghafla, kama umeshika mkono wa mtu aliyesinzia. Hiyo ni taarifa. Mwanzoni nikisikia mwepesi nilikuwa nazidisha kukata, ambayo ni sawa na kumpigia kelele mtu ambaye hakusikii kwa sababu hayupo. Dawa ni kurudisha kidogo, usubiri tairi irudi kushika, ndo uombe tena.

Gia ilinisumbua kwa namna nyingine. Ukishusha kutoka ya tatu kwenda ya pili kabla ya kona kali bila kuamsha injini kwanza, tairi za nyuma zinashikwa na injini zinalia chwii, na nyuma inachezacheza. Wenyewe wanakanyaga breki kwa vidole vya mguu wa kulia, alafu kwa ubavu au kisigino cha mguu huo huo wanagusa mafuta, wakati mguu wa kushoto uko kwenye klachi. Miguu miwili kazi tatu. Nikifanya ninaonekana kama mtu aliyeingiwa na sisimizi suruali. Nilijifunza, lakini sijivunii, naipata kona saba kati ya kumi.

Ulipofika mwezi wa nane gari ikaanza wazimu. Niko kwenye mnyooko, sijagusa chochote, inajishika breki yenyewe, kidogo, inaachia, inashika. Nikafikiri ni gemu imeharibika, nikaifuta nikaiweka upya, bando zima likaisha. Kumbe ni Dodoma. Wanaoishi hapa wanaujua upepo wa kuanzia mwezi wa saba, vumbi linaingia mpaka kwenye friji, na lilikuwa limeingia kwenye kile kifaa kidogo ndani ya pedali kinachopima umekanyaga kiasi gani. Kijiti chekundu kilikuwa kinarukaruka kama kuna mtu anakichokoa. Nikafungua, nikapuliza, nikapiga dawa ya kusafishia umeme, ikapona. Sasa nafunika pedali na kanga kila asubuhi, na mke wangu kaniambia hata yeye hafunikwi hivyo.

Fundi wangu wa gari, mzee mmoja ana gereji Majengo, alikuwa ananicheka sana. "Mwanangu, gari isiyonuka oili si gari." Siku moja alikuja kuchukua laptopu ya mjukuu wake nyumbani nikamkalisha. Akauliza injini gani, nikamwambia 4A. Uso ukabadilika. "4A? Hizo nimezifungua mpaka basi, zile FE za Corolla na Carina." Nikamwambia hii ni GE, inapumua vizuri zaidi, nyuma ina difu moja iliyonyooka kama ya Hilux ila imekaa kwenye springi za kuzunguka. Akasema basi hiyo ikigonga shimo tairi moja na la pili linajua. Ndivyo ilivyo, nilikuwa nimeshalisikia hilo usukanini bila kujua jina lake.

Alichonishangaza, hakuangalia mshale wa mizunguko hata mara moja. Anabadilisha gia kwa sikio. Klachi anaikanyaga kama anaisalimia. Kona ya mwisho ikamgeuza na yeye kama kawaida, ila alivyogeuka alikuwa ameshakanyaga klachi injini haikuzima, akaweka moja akaondoka kama hakuna kilichotokea. Baadae akaniuliza, bila kuniangalia, ile siku ya Nyang'oro ulitoa mguu? Nikamwambia nilitoa. Akasema, "Nilijua. Ile gari niliipandisha juu mimi, tairi hazikuwa na tone la oili." Miezi yote hiyo alikuwa ananiachia niendelee kusema.

Lazima niseme na ubaya wake, maana watu wanaosifia hivi vitu hawasemi. GX100 yangu ni ya auto, pedali mbili, na breki ya auto ni pana. Nimetoka kulala saa nane usiku nimeendesha 86 masaa matatu, asubuhi nakaribia kipleftiti, akili haijaamka, mguu wa kushoto ukaenda kutafuta klachi. Ukakuta breki. Na klachi huwa inakanyagwa mpaka chini. Gari ilisimama kama imegonga ukuta, bajaji nyuma yangu ikala kushoto ikapanda ukingo, dereva akaja mpaka dirishani, akaangalia mbele ya gari yangu kuona nimemkwepa nani, hakuona mtu wala mbuzi, akaniuliza, "Mzee, umeona nini?" Ningemwambia nini? Tangu siku ile nikiingia kwenye gari mguu wa kushoto naupeleka nyuma kabisa chini ya siti, na nikiendesha usiku sana kesho yake napanda daladala.

Kingine, kwenye kiti cha ofisi huna matako. Nisameheni lakini ndo ukweli. Kwenye gari ya kweli nyuma ikianza kuondoka wa kwanza kujua ni makalio, kabla ya macho na kabla ya mikono. Kwenye gemu unasubiri usukani na sauti ya tairi, na unakuwa umechelewa kidogo siku zote. Alafu hakuna woga wa kweli. Nikimwaga nabonyeza kitufe. Kwa hiyo mtu asije akatoka kwenye kompyuta akaenda kujaribu barabara ya Morogoro, pale kuna mabasi na kuna mama zetu wanavuka. Mi sijawahi kuigeuza GX makusudi na sitajaribu.

Nimesema nikimwaga. Hilo neno ni la Neema. Alikuwa anakaa pembeni jioni kabla ya kulala, na siku ya kwanza kuiona 86 inazunguka akapiga kelele, "Baba kamwaga viazi!" Basi ikawa hivyo. Nyumbani kwetu gari haigeuki wala haiserereki, inamwaga viazi. Leo umemwaga vingapi? Vitatu. Siku nimeshuka kutoka dakika 1 na sekunde 22 nilizoanza nazo mpaka dakika 1 na 15, nilimaliza mizunguko kumi bila kumwaga hata kimoja, na hakuna mtu wa kumwambia, wamelala wote, umeme ukakatika kabla sijapiga picha.

Mama mkwe alikuja Krismasi. Akaikuta ile meza, akakaa kwenye kochi na chai yake akaniangalia muda mrefu bila kusema neno. Sijui kama unajua uzito wa kuendesha gari ya uongo mbele ya mama mkwe. Nikaingia ile kona ya mwisho mara nne, mara nne ikatoka salama. Akasema tu, "Kumbe unaweza kwenda polepole na mguu." Akanywa chai.

Mwezi wa kwanza nikamrudisha Iringa, tukakaa siku mbili, akaamua anarudi tena na sisi kwa sababu Neema alilia. Viazi magunia mawili, safari hii buti tu, nilikataa la tatu kabisa. Nyang'oro tukaikuta imelowa. Niliingia ile kona na hamsini na tano, breki nimeshamaliza juu kabisa wakati barabara bado imenyooka, na katikati pale, pale pale, tairi ya nyuma ikapita kwenye kitu, mchanga sijui, tope sijui, nikaisikia kwenye makalio ikisogea kama mtu anayejigeuza usingizini. Mguu haukutoka. Ulishuka kidogo, ukasubiri, mikono ikarudisha usukani upana wa kiganja, gari ikatulia ikaendelea kushuka. Sekunde moja labda. Mke wangu alikuwa anachat hakujua kitu.

Tukashuka kona mbili kimya. Alafu nyuma yangu, kwa upole ule ule:

"Baba Neema."

"Naam, mama."

"Leo oili haipo?"

Nikaangalia kwenye kioo. Alikuwa anaangalia nje dirishani, kilemba kimenyooka.

"Haipo, mama."

"Haya. Tukifika Mtera usisahau samaki."

Tukanunua perege sita.